Hitima ya Mtu Aliyekuwepo

Jumamosi ya pili baada ya Idi, saa sita na nusu mchana, Dishon alisimama mlangoni mwa boti iitwayo Tulizana, gatini Mkomani, akawahesabu abiria kwa kile kidude chake cha kubofya. Tiketi zilikuwa thelathini na nane. Vichwa vilikuwa thelathini na saba. Akahesabu tena kutoka nyuma kuja mbele, kisha akawaomba wa juu washuke na wa chini wasimame. Thelathini na saba.

"Kuna mtu chooni?" akauliza.

Chooni hamkuwa na mtu.

Sufuria za pilau zilikuwa zimeshapakiwa, na Pascalia, mwimbaji wa boti, alikwishajaribu kipaza sauti mara mbili. Safari yenyewe ilikuwa ya saa tatu: kupita mbele ya Mji wa Kale, kuzunguka kwenye mnara wa taa, kuingia mlango wa Likoni, kuzitazama meli za Kilindini na kurudi, watu wakila na kusikiliza muziki. Lakini boti haikuruhusiwa kung'oka gatini mpaka vichwa na karatasi vilingane, na jua lilikuwa limeanza kuwachoma waliokaa upande wa kulia.

Talha, mwenye duka la mabati na misumari kule Kisauni, alijua hesabu ilikwama wapi. Alikuwa amekaa nayo bega kwa bega, safu ya tatu.

"Ni mimi, mwanangu," dada yake Salme akamwambia Dishon. "Usijichoshe bure. Mimi sihesabiki."

Dishon akaja, akakielekeza kidude kwa Salme, akabofya. Hakikulia. Akakielekeza kwa Talha, kikalia. Akakirudisha kwa Salme. Kimya.

"Kweli, mama," akasema, akaenda kumwita nahodha.

Mambo hayo yalimwanza Salme miaka mitatu nyuma. Alikwenda zahanati kupimwa presha, akapandishwa kwenye mizani, mizani ikasoma sifuri. Muuguzi akaandika sifuri na kumshauri ajitahidi kula. Ile milango inayojifungua ya maduka makubwa ya Nyali haikumfungukia tena. Ikawa akifika husimama pembeni kumngoja mteja mwengine, waingie pamoja. Mbu nao wakamwacha. Alilala mwezi mzima dirisha wazi, kule Likoni wanakoshuka mbu kama mvua, na asubuhi hakuwa na hata kipele. Chandarua akampa jirani.

Majirani hawakuona la ajabu. Walimwambia apeleke malalamiko ofisini.

Talha hakuwa na haja ya kuuliza chanzo. Mwaka huo ndio aliouza kiwanja cha baba yao kilichokuwa Mtongwe, karibu na maji, chenye nyumba ya zamani mbele na makaburi ya wazee wao nyuma. Mnunuzi alikuwa na haraka. Salme asingekubali, hata angewekewa dhahabu mapajani. Karani wa ofisi ya ardhi akawa anayasoma majina ya warithi, na alipofika kwa Salme akainua kichwa, akauliza, "Huyu yuko wapi?" Talha akajibu neno moja: "Marehemu."

Hakusema amekufa. Hilo alilishikilia sana. Marehemu ni mtu aliyerehemiwa, na katika viumbe wa Mungu ni yupi asiyehitaji rehema? Alilisema kwa sauti ya chini, tena kwa upole, karibu na dua. Karani yeye hakujishughulisha na maana. Aliandika kile ambacho makarani huandika, akagonga muhuri.

Tangu siku hiyo Talha alikuwa mkarimu sana kwa dada yake. Akikosa usingizi, alinunua kitu. Ndivyo Salme alivyopata feni, simu, kabati la vioo, meno mawili ya mbele, na sasa tiketi ya kutembezwa baharini kwa chakula na muziki.

Nahodha akaja. Aliitwa Mramba, mtu wa Kaloleni, mfupi, kofia mkononi.

"Mama, una nini?"

"Niliandikwa marehemu."

"Kwa makosa ama kwa makusudi?"

"Hilo aulizwe aliyeandikisha."

"Aa," nahodha akasema. "Hawa wa karatasi ndio hutupa kazi. Wale waliokufa kweli hata tiketi hawanunui." Akafunua daftari lake. "Sasa sikilizeni. Mimi nina nafasi mbili hapa. Abiria, na maiti anayesindikizwa. Ndugu yake akitamka kwamba yu hai, naandika abiria, natia muhuri, na hapo hapo mama atahesabika. Nimeshaona, huchukua muda wa kufumba jicho. Akisema marehemu, naandika maiti na tunaondoka. Mimi kwangu sawa tu. Ndugu ni nani?"

"Mimi," Talha akasema.

"Haya. Lipi?"

Abiria thelathini na sita walikuwa wamegeuza shingo. Salme alitazama dirishani, ambako hapakuwa na kitu isipokuwa nguzo ya daraja la Nyali.

Talha alilipima jambo hilo. Karatasi ya nahodha ingekwenda ofisi ya bandari, na kutoka huko ingekwenda zinakokwenda karatasi. Hai mmoja mwenye muhuri angekutana na marehemu mmoja mwenye muhuri, na mmoja wao angelazimika kuondoka. Na marehemu akiondoka angeondoka na kiwanja, na kiwanja kingeondoka na duka.

"Tusiwacheleweshe watu," akasema. "Andika kama ilivyoandikwa."

Nahodha akaandika. Dishon akafungua kamba.

"Umeona haya kulitamka neno lenyewe," Salme akasema chini kwa chini, boti ilipoanza kutetemeka. "Hiyo ni dalili njema."

Walikuwa hawajafika hata Mji wa Kale, Mwalimu Abdulaziz akainuka kitini mwake. Alifundisha chuo cha Kurani Kisauni, na siku hiyo alikuwa amemtoa mkewe, Bi Hanan, baada ya kumwahidi kwa miaka kumi na moja. Akamwendea nahodha, wakanong'ona, kisha akachukua kipaza sauti.

"Ndugu zangu, tumepata habari tuna maiti pamoja nasi. Si adabu kula pilau na kucheka mbele ya maiti kama kwamba hatukuambiwa. Kwa hivyo kwa idhini ya nahodha, chakula hiki tutakifanya hitima ya marehemu. Wasiokuwa Waislamu pia mwakaribishwa, pilau ni ile ile."

Watu wakaitikia kwamba ni sawa. Kijana mmoja aliyevaa kaptura akaazima mtandio wa mkewe akajifunika magoti.

Pascalia akabaki na swali. "Mwalimu, na mimi? Niimbe ama nisiimbe? Nimelipwa niimbe."

"Mwenye shughuli ni marehemu. Muulize yeye."

Pascalia akaenda safu ya tatu, akainama kidogo. "Pole na kifo, mama. Unapendelea nini?"

"Chakacha," Salme akasema. "Lakini usiikimbize. Na hayo maspika yapunguze, yananitoboa masikio."

Ikapigwa chakacha ya taratibu. Bi Hanan akajaribu kuyazuia mabega yake, yakamshinda.

Wakapita Ngome ya Yesu, watu wakaipiga picha. Wakazunguka mnara wa taa, wakaingia mlango wa Likoni, feri ikawapigia honi na wao wakaipigia. Kulia zikaja meli kubwa na winchi za bandari, na abiria wote wakahamia upande huo. Kushoto wakabaki watu wawili tu, Talha na Salme, wameshika vyuma. Upepo ulimpeperusha Salme kidogo, nyayo zikaachana na sakafu upana wa vidole viwili, na Talha akamshika mkono kwa mazoea ili asiende.

"Ndipo pale," Salme akasema.

Palikuwa na ukuta mrefu na makontena yaliyopandana matatu matatu. Kwa makadirio ya Talha mama yao alikuwa chini ya lile la buluu.

Salme akafungua mkoba, akatoa bahasha ya plastiki, na ndani yake karatasi iliyokunjwa mara moja.

"Ofisini wamenipa hii. Wasema ni sahihi moja tu. Lakini sharti iwe ya yule aliyesema."

"Na aliyesema wamjua?"

"Talha. Jina lako limeandikwa kwa herufi kubwa."

Honi ya meli ikalia mbali. Talha akangoja imalize, nayo ikachukua muda wake.

"Tangu lini wajua?"

"Tangu mwaka ule ule."

"Na ukanyamaza!"

"Nilikuwa nakungoja uniambie kwa mdomo wako. Mara ukaja na feni. Nikasema, ala, yuko njiani. Ukaja na simu, ukaja na kabati. Nikasema, atafika tu, huyu ni mtoto wa mama yangu. Leo umenileta baharini, na baada ya bahari sioni pengine pa kunipeleka."

"Wataka kiwanja."

"Kiwanja nikifanyie nini, nikaishi juu ya kontena?" Salme akacheka, yale meno mawili mapya yakaonekana. "Nataka kuumwa na mbu, Talha. Nataka nifike dukani mlango unifungukie mimi, si mtu wa nyuma yangu. Nataka nikifa, nife."

"Duka litakwenda, dada. Wanangu wako chuo."

"Najua."

"Naweza hata kufungwa."

"Najua. Hayo yote nimeshayafikiria mimi kabla yako, nimelia nikamaliza. Ndiyo maana nimekuja na kalamu."

Kalamu ilikuwa ya buluu, yenye kifuniko. Talha aliitazama kwa muda mrefu kuliko kalamu inavyohitaji kutazamwa. Alihisi mkono wake wa kulia ukitaka kabisa kuishika, na akauingiza mfukoni.

"Twende tukale kwanza," akasema. "Wanapakua."

Salme akairudisha karatasi kwenye bahasha, na bahasha mkobani. "Haya," akasema. "Tukale."

Boti ikageuka. Pilau ikapakuliwa kwa kuku na kachumbari na maji ya ukwaju, na sahani ya kwanza ikapelekwa kwa Salme kwa kuwa ndiye mwenye shughuli. Mwalimu Abdulaziz akasoma kwa sauti nzuri, wenye kuitikia wakaitikia, na Pascalia, ambaye kwao Rabai ni mwanakwaya, akainamisha kichwa akaungana nao kwenye amina. Alipomaliza, Mwalimu akawageukia watu.

"Huyu dada yetu mwamjua vipi?"

"Mtu mwema!" wakasema abiria, waliomjua kwa saa mbili.

"Kama alimkosea yeyote, mumsamehe."

"Tumemsamehe."

"Mungu awalipe." Kisha akamgeukia Talha, naye Talha akaweka kijiko chini. "Na wewe ndugu yake. Mmelelewa pamoja, mmerithi pamoja. Kuna haki yoyote iliyobakia baina yenu? Kama ipo, isemwe sasa hapa mbele ya watu, ni nyepesi. Huko mbele ni nzito."

Salme akafuta mdomo kwa leso, akafunua kinywa.

"Samahani, mama," Mwalimu akamwambia kwa heshima. "Marehemu haulizwi. Husemewa na nduguze."

Salme akafunga kinywa. Akamtazama mdogo wake kama alivyokuwa akimtazama zamani akimfundisha kuogelea, maji yakimfika kidevuni: bila kumsukuma, bila kumshika.

Talha akasimama. Neno lilikuwepo. Lilikuwa limeshapanda mpaka ulimini, tena halikuwa refu. Aliziona nyuso zote zile za watu wema, vijiko vimesimama hewani, pilau inapoa. Nahodha naye alikuwa ametoa kichwa dirishani kusikiliza, na daftari alikuwa nalo.

"Mimi," Talha akasema. "Mimi nimemsamehe. Yote."

Wanawake wawili wakafuta machozi. "Ndugu ndio hao," akasema mzee mmoja. Mwalimu Abdulaziz akapitisha viganja usoni, na hitima ikawa imekwisha.

Kisha watu wakafanya kama inavyofanywa popote penye msiba. Wakainuka, wakajipanga foleni katikati ya viti, wakawa wanampitia mfiwa mmoja mmoja. Nahodha Mramba alimwachia Dishon usukani akaja. Bi Hanan alimpa pole kwa niaba ya wanawake. Yule wa kaptura, mtandio ungali magotini, alimpenyezea noti ya ubani kiganjani kama walivyokwishafanya wenzake, na Talha akaitia mfukoni pamoja na nyingine. Kila aliyesema pole alijibiwa nishapoa, kila aliyesema Mungu amlaze pema aliambiwa amina. Mfuko ukavimba, na daraja la Nyali likaonekana mbele.

Salme naye alikuwa kwenye foleni. Alilelewa vizuri, na hakuwahi kutoka msibani bila kumpa mkono mwenye msiba. Alingoja zamu yake, nyayo zikiwa juu ya sakafu kidogo, akisogea pale watu waliposogea. Alipofika mbele akanyoosha mkono.

"Pole, Talha."

Talha akaupokea. Ulikuwa wa moto, na ulinukia pilau.

"Nishapoa, dada," akasema.

Salme akakaa hivyo kitambo, hakuuachilia. Nyuma yake walikuwapo mtu na mkewe kutoka Changamwe, wanangoja, na yule mke akamgusa bega taratibu, akamwomba radhi, apishe.