Dirisha la Maziwa Yaliyokataliwa

Ukungu ulikuwa haujaondoka Mahongole, na wafugaji walikuwa wameshapanga ndoo zao ukutani mwa kituo cha maziwa. Wanawake walijifunga vitenge juu ya masweta na kusubiri bila kuongea sana. Mpimaji, Ronald, alichota maziwa kidogo kwenye ndoo ya kwanza, akayachanganya na spiriti ndani ya kichupa, akaziba mdomo wa kichupa kwa kidole gumba na kutikisa. Yakibaki laini, yamepita. Yakifanya mabonge, yamekataliwa. Kwenye mfuko wa koti lake jeupe Ronald alikuwa na kipande cha limau, na aliposimama mbele ya baadhi ya wafugaji alikuwa akiingiza kidole gumba mfukoni kwanza.

Luqmani, mtoto wa mfanyabiashara wa Makambako mjini, ndiye aliyeandika programu ya kituo hicho. Ilikuwa kazi yake ya kwanza tangu amalize chuo, na aliipenda. Programu ilikuwa na dirisha kuu la mapokezi. Maziwa yakikataliwa, dirisha hilo lilifungua jingine dogo lenye jina la mfugaji na swali moja: je, umerudishiwa maziwa yako? Waandika programu huliita dirisha linalofungua mzazi, na lililofunguliwa huliita mtoto. Luqmani alikuwa amempa mtoto huyu uwezo wa kumzuia mzazi. Mpaka mfugaji mwenyewe abonyeze jibu, dirisha kuu halikuguswa na foleni haikusogea. Luqmani aliamini kwamba swali likiulizwa mbele ya watu, mtu hataweza kudhulumu.

Meneja Kasimiri hakulipenda. Alikuwa na kawaida ya kupitisha kidole juu ya utando wa maziwa kwenye ndoo za watu na kukilamba huku akiongea.

"Luqmani, hiki kidirisha chako kina kiherehere," alisema, kidole kikiwa bado mdomoni.

"Kinauliza tu, bosi. Yakikataliwa, mwenyewe arudi nayo."

"Arudi nayo akayauze wapi? Awaharishe watu wa stendi? Tunayamwaga sisi wenyewe huku nyuma. Dirisha kubwa likifungwa na hilo dogo lifungwe. Basi."

Luqmani alibadilisha mistari michache. Dirisha dogo sasa lilikaa nyuma ya kubwa bila kumzuia yeyote, na kubwa lilipofungwa nalo lilifungwa, limejibiwa au halijajibiwa. Alijiambia kwamba angelirekebisha mambo yakitulia.

Maziwa yaliyokataliwa hayakumwagwa. Nyuma ya kituo kulikuwa na pipa la chuma, na lori lilipokuja kutoka Njombe lilipakia pipa hilo pamoja na mengine. Pipa lilikwenda kuuzwa kwa jina la Kasimiri.

Aliyekataliwa zaidi alikuwa Yudita, mjane wa hapo hapo Mahongole. Ng'ombe wake, Mrembo, alikuwa wa kikundi cha wafugaji, amekopeshwa tu. Kikundi kilikuwa na sharti kwamba mfugaji ambaye maziwa yake yanakataliwa mara kwa mara ananyang'anywa ng'ombe, na ng'ombe huyo anapewa mtu anayejua kufuga. Wanawe walisoma na kula kwa ng'ombe huyo mmoja. Yudita alikuwa akiosha kiwele kwa maji ya moto na kuanika ndoo juani, kisha akifika kituoni maziwa yalikuwa yakifanya mabonge.

Siku ya kwanza ya programu mpya, Ronald alipofunga dirisha kuu mchana, madirisha madogo yalifungwa nyuma yake. Kisha maziwa yakaanza kutoka kwenye ukingo wa chini wa skrini. Yalikuwa meupe, ya uvuguvugu, yenye povu, na yalinukia matete wanayolishwa ng'ombe. Yalipita kati ya herufi za kibodi, yakaingia kwenye droo ya meza, yakashuka sakafuni. Ronald alichukua tambara akapangusa.

Kesho yake yakatoka tena. Tambara likaanza kunuka, na droo ikaota ukungu wa kijani. Kufikia Ijumaa kulikuwa na funza kwenye kibodi, na Ronald alikuwa akiwaondoa kwa kijiti cha kibiriti kabla ya kuandika jina la mtu. Nzi walikaa kwenye skrini kuzunguka majina. Wafugaji waliingia wakiwa wameziba pua, wakasikia majibu yao, wakatoka.

Luqmani aliitwa.

"Programu yako inavuja," alisema Ronald.

Luqmani alikaa, akasoma mistari yake. "Dirisha linafungwa kabla halijajibiwa," alisema. "Kilichomo hakina pa kwenda."

Alikinga kikombe chini ya skrini dirisha lenye jina la Yudita lilipofungwa, akanawa mikono, akapima maziwa kwa spiriti. Yalibaki laini. Alimpelekea Kasimiri.

"Bosi, haya ni ya Mama Yudita. Ni mazima. Yalikuwa mazima tangu asubuhi."

Kasimiri alichovya kidole, akakilamba. "Mazima kabisa," alisema. "Ronald! Acha kupangusa, lete ndoo."

Tangu siku hiyo Kasimiri alipata maziwa ya watu mara mbili, asubuhi kwenye pipa la nyuma na mchana kwenye skrini. Ronald alianza kununua malimau kwa kikapu. Kasimiri alimuuliza Luqmani kama dirisha likifanywa pana zaidi maziwa yatatoka kwa kasi. Aliuliza huku akitafuna andazi, na tone la maziwa lilikuwa likimshuka kidevuni.

Luqmani alikaa kwenye kompyuta. Aliirejesha programu ya zamani. Asubuhi moja nzima foleni ilisimama mpaka kila aliyekataliwa abonyeze jibu, na wanawake waliondoka na ndoo zao. Skrini ilikuwa kavu. Luqmani aliwatazama wakipanda njia, akafikiri kwamba mambo huwa mepesi kiasi hicho.

Kesho yake Ronald alichomoa waya wa umeme ukutani. Madirisha yote yalifungwa kwa pamoja kabla mtu hajajibu, na maziwa yakatoka vilevile.

Kikundi kilipokutana kuzungumzia ng'ombe wa Yudita, Luqmani alikwenda na chupa ya maziwa. Aliwaeleza yanakotoka. Wanakikundi walipokezana chupa, wakaonja mmoja mmoja.

"Matamu," alisema mzee Alois, mwenyekiti. "Na ni kweli yanatoka kwenye kompyuta, nimeyaona kwa macho yangu. Lakini sharti letu linahesabu yaliyokataliwa. Halisemi kitu kuhusu yanayotoka baadaye."

"Si ni hayo hayo, mzee?"

"Kijana, mimi sisomi kompyuta. Nasoma sharti."

Wengine walitazama chini. Ndoo zao pia zilipimwa na Ronald. Mrembo alihamishiwa kwa mtu anayejua kufuga, naye alikuwa Kasimiri. Yudita alimsindikiza ng'ombe mpaka getini kwa Kasimiri akiwa ameshika kamba, akaikabidhi.

Luqmani aliandika barua ya kuacha kazi akaipeleka kituoni mwenyewe, mchana, wakati wa kufunga. Chumba kilinuka kama matapishi ya mtoto mchanga. Mbele ya kompyuta, kwenye kigoda, alikuwa amekaa Yudita, ameshika ndoo kwa mikono miwili chini ya skrini. Mikono ya sweta lake ilikuwa imelowa mpaka kwenye viwiko, na nzi walitembea juu yake bila kufukuzwa.

"Shikamoo, mama. Umefikaje hapa?"

"Marahaba. Meneja alitafuta mtu wa kubadilisha ndoo."

"Na wewe ukakubali?"

"Wanangu wale nini, baba? Utawapa wewe?"

Ronald alifunga dirisha kuu, na maziwa yakaanza.

"Haya ya sasa ni ya Emerensiana," alisema Yudita. "Ng'ombe wake anawalisha maganda ya viazi, nayajua." Aliyatazama yakipanda ndani ya ndoo. "Hebu sogea kidogo, mwanangu. Niletee hiyo nyingine, hii inajaa."

Luqmani alimletea.