Mvuke Hauishi

"Kwa hivyo leo pia hufundishi?" Bwana Joash, naibu wa mwalimu mkuu, aliuliza kutoka mlangoni mwa maabara.

"Nilifundisha jana, Mwalimu. Kwa simu." Filister hakuacha kufunga kitambaa kibichi kwenye mrija wa mpira uliotoka mdomoni mwa chupa.

Tangu muhula uanze alikuwa akijirekodi video, za dakika nane tu, na kuzituma kwa simu za wazazi. Watoto wanatazama nyumbani, darasani wanakuja kushika vitu na kubishana. Yawa, jamani, mwalimu wa kemia asiyegusa chaki! Joash alikuwa amekata shauri: atamwuliza mwanafunzi mmoja, wa kuchagua mwenyewe. Akikwama, video basi, noti zirudi ubaoni.

Filister aliyajua hayo yote na hakutishika. Maji ya chumvi yalikuwa yanachemka kwenye meza nne, mvuke ukipoa ndani ya mipira na kudondoka gilasini.

Kidole cha Joash kikamwangukia Emmaculate, msichana wa Osiri, kule kwenye machimbo ya dhahabu, ambaye mwaka uliopita hakufungua kinywa.

"Wewe. Maji yakichemka yakaisha sufuriani, yameenda wapi?"

"Hayajaisha, Sir. Yako hewani. Yakipata kitu baridi yanarudi." Akameza mate. "Hata mekuri."

"Mekuri? Zebaki imeingiaje hapa?"

"Mama anachanganya vumbi la dhahabu na mekuri lishikane, halafu anachoma kwa karai jikoni, ndio dhahabu ibaki. Tulikuwa tunasema mekuri imeisha. Jana tukaangalia video pamoja, si simu ni yake? Akairudisha mara tatu. Akaangalia mabati juu ya jiko, akaangalia sufuria ya ugali. Akaniuliza, 'Kwani tunaikula?'"



"Ukamwambia nini?" Filister aliuliza polepole.

"Nilimwambia ndiyo. Akalia. Leo hajachoma. Amesema nikuulize, Madam, kama hii mpira inaweza kushika hiyo moshi."

 Filister alikuwa amerekodi maji ya chumvi tu. Lakini alijua la kujibu. "Mpira hauwezi. Kuna chombo cha chuma kinachofungwa kabisa, tutakichora sasa hivi. Mpaka akipate, asichome popote; moshi huo ni sumu."

 Mke wa Joash alikuwa akinunua dhahabu ya akina mama wa Osiri na kuisafisha kwa moto, jikoni kwake, mtoto mgongoni. Joash akatoa simu, akatoka nje hadi varandani. Sauti yake iliingia dirishani, ya juu, bila unaibu wowote.

"Mama Terry, umewasha jiko? Zima! Zima kwanza, mtoe mtoto nje. Nitakueleza!"

Aliporudi, jasho lilikuwa limemlowesha kola.

"Hiyo video, Madam. Mtumie Mama Terry. Andika namba."

Filister akashika kalamu. Joash akaanza kuitaja namba ya mkewe, akafika tarakimu ya sita, akakwama; zilizobaki hazikumjia.