Mgongo wa Barua

"Nipe hiyo barua tu," Twyla alisema, koti bado mwilini. "Naibandika katikati ya ukurasa wa kumbukumbu yake, watu waone mwandiko wa Mama. Mazishi ni kesho, Verlene."

Verlene hakugeuka. Barua haikuwepo. Ilikwenda na takataka wiki tatu zilizopita, na aliyeitupa ni yeye.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza karatasi za mapambo za kwenye kompyuta, zile ambazo akina mama wa jimbo lao la Utah, Marekani, huziweka nyuma ya picha katika albamu za familia. Wanazitaka kuukuu, kama zimetoka sandukuni kwa bibi. Basi Verlene hukunjakunja karatasi halisi, huziloweka kwenye kahawa, kinywaji ambacho kanisani kwao ni mwiko, huzipiga picha kwa skana, kisha hufuta kila doa lisilotakiwa.

Barua ilipofika, yeye na Mama walikuwa hawasemezani tangu Oktoba, kwa ajili ya talaka ya Verlene. Alisoma "Verlene mwanangu" tu, hasira zikampanda, akaikunjakunja ngumini. Mikunjo ikatoka mizuri ajabu. Akaupiga picha kwa skana mgongo wa barua, upande usioandikwa, na mpaka leo picha hiyo inauzika.

"Umeitupa," Twyla alisema taratibu, alipoona barua haitolewi.

"Nina picha ya mgongo wake, Dada."

"Mgongo nitaufanyia nini mimi?"

Hata hivyo Twyla alisogea kwenye kompyuta. Mama alikuwa na mkono mzito. Kalamu yake ilichimba karatasi mpaka upande wa pili. Zile alama Verlene alizipangusa moja moja kwa saa mbili, na kazi ilipokwisha akajipongeza. Sasa Verlene aligeuza picha, kushoto kuwe kulia, ili mwandiko usomeke kutokea nyuma, akakoleza vivuli, akakoleza tena. Mikunjo tu. Alijichukia kwa kuijua kazi yake vizuri hivyo.

Kona moja ya chini hakuigusa, kwa sababu wateja huifunika kwa utepe. Hapo maneno yalijitokeza, yamefifia:

*njoo kabla ya Alhamisi*

Alhamisi ndiyo siku Mama aliyofanyiwa upasuaji wa koo. Hakusema tena neno mpaka alipokufa.

Twyla aliyasoma midomo ikichezacheza, akavuta kiti akakaa.

"Kumbe. Jumatano ile aliketi karibu na mlango wa mbele, akanikataza kuufunga. Theluji ikaingia mpaka kwenye zulia. Nikamgombeza, nikasema dawa zimemvuruga akili."

Verlene alitamani atukanwe. Angetukanwa, angepata la kujibu.

"Alikaa hapo mlangoni mpaka saa ngapi?" aliuliza.

Twyla aligusa ile kona kwa kidole. Alipojibu, sauti yake haikuwa na ukali wowote.

"Asubuhi nilipokwenda kumchukua tuende hospitali, nilimkuta palepale kwenye kiti. Viatu amevaa, nywele amezichana. Akaniambia nisubiri kidogo."