Pengo la Meno Mawili

Ujumbe wa afande wa upande wa pili wa mpaka ulikuwa mfupi: "Umri unalingana. Kovu la pasi kwenye kiwiko lipo. Ila tangazo lenu linasema ana pengo la meno mawili ya mbele, na huyu meno yote anayo. Si yeye. Ijumaa anahamishiwa kituo cha mbali."

Nilimsomea Mama Faili, mkuu wa dawati letu la watoto waliopotea.

"Tangazo lilijazwa na nani?"

"Na mimi, mtoto alipopotea kituo cha basi mpakani. Alikuwa na miaka sita."

"Sasa ana minane." Akanitazama juu ya miwani. "Wanao wana mapengo bado?"

Chai ikanipalia. Pengo la meno ya utoto nimeliandika kwenye alama za kudumu, na polisi wa nchi mbili wamemtafuta mtoto asiyekua.

Nikampigia afande yule. "Mwenzio nimekosea. Pengo si alama. Meno yameota."

"Na mimi nina binti wa miaka minane. Ningemtazama tu, ningejua."

"Basi ngoma droo. Tumuite bibi yake wazungumze kwa video?"

"Muite. Nikiridhika, nasimamisha uhamisho."

Bibi ndiye aliyemlea, na kila Jumatatu alikuja kutuuliza. Siku hiyo alifika kilemba kikiwa ndani nje. Nilimwonya huenda asiwe yeye. Akasema, "Washa tu, mwanangu."

Kwenye kioo msichana alikaa wima, mikono magotini, midomo kaibana. Alimtazama bibi kama anayesoma maandishi madogo. Hakuonyesha kumtambua, nami nikaanza kukiona kile kituo cha mbali.

"Mke mwenza," bibi akasema taratibu, "ndiyo nini kuniachia mzee miaka miwili? Kazi zote nafanya peke yangu."

Midomo ikacheza.

"Bado anakoroma?"

"Mpaka vijiko vinatikisika kabatini."

Msichana akacheka, meno yote nje. Bibi akaweka kiganja kwenye kioo. "Makubwa hayo, kama ya babu yake," akasema, na machozi yakamshuka huku anacheka.

Afande akaingiza uso pembeni. "Ijumaa haendi popote. Leteni vipimo vya damu tukamilishe."

Nikavuta faili, nikafuta pengo. Mama Faili akaniinamia begani.

"Na urefu pia," akasema. "Usije ukatuletea wa miaka sita."