Mita Moja ya Pranom

King'ora cha radi kililia Pranom akiwa ameshainama juu ya mpira.

Lilikuwa shimo la kumi na nane, siku ya nne, siku ya mwisho. Mpira ulikuwa mita moja tu kutoka shimoni. Lakini sheria ya gofu ni moja: king'ora kikilia hakuna kupiga tena. Akanyanyuka polepole kama mtu aliyenyang'anywa tonge mdomoni, akaweka sarafu ya baht ya Thailand nyuma ya mpira kama alama, akauokota mpira.

"Wangengoja dakika moja, dada. Dakika moja tu!"

"Radi haijui adabu," alijibu Lamduan, akijitwika mkoba wa fimbo. "Twende."

Lamduan, dada yake mkubwa, alikuwa amembebea mkoba huo miaka kumi na minne, tangu Pranom alipotoka Surin akiwa na miaka ishirini kwenda kucheza gofu ya kulipwa. Mwanzoni mambo yaliwanyookea. Pranom alishinda mashindano mawili, watu wakaanza kumsimamisha sokoni wapige naye picha. Kisha, miaka miwili iliyopita huko Chonburi, kombe likiwa linanukia, alikosa mpira wa mita moja mbele ya umati. Tangu siku hiyo, kila akiukaribia mpira wa karibu, mkono wake wa kulia ulishtuka wenyewe. Madaktari walitafuta ugonjwa wasiuone. Alishuka, akashuka tena, hadi akapoteza nafasi yake kwenye ligi.

Sasa alikuwa Hua Hin kuitafuta upya. Nafasi zilikuwa ishirini. Mpira ule ukiingia, yeye ni wa ishirini. Akiukosa atalingana na Mfilipino mmoja aliyecheza vizuri zaidi siku hiyo, na nafasi itakwenda kwa Mfilipino.

Wakajibanza kibandani na wachezaji wengine, mvua ikilipiga bati kama ngoma. Kanyarat, binti wa miaka ishirini aliyecheza naye siku nzima na aliyekwisha kujihakikishia nafasi, alikuwa akitafuna ngozi ya nguruwe ya kukaanga.

"Dada Pranom, mita moja! Hata bibi yangu angeutia kwa mpini wa mwavuli."

Watu wakacheka. Kisha mmoja mmoja wakaikumbuka Chonburi, wakatazama viatu vyao. Kanyarat akaunganisha viganja kifuani, uso umemwiva kwa haya. "Nisamehe, dada. Mdomo wangu hauna breki."

"Mlete huyo bibi yako, anisaidie," alisema Pranom. Lakini mkono ulikuwa umeshaanza. Akauweka chini ya paja.

Lamduan aliona. Akasogea, akaketi karibu naye.

"Unaukalia mkono."

"Umekufa ganzi."

"Mwongo."

Pranom alitazama mvua. "Nikikosa je?"

"Ukikosa tutakula, tutalala, kesho nitapanda treni niende nyumbani."

"Kwa wiki ngapi?"

"Ndiyo basi tena, mdogo wangu. Uingie, usiingie. Goti langu limekwisha. Na mwezi uliopita mwanangu alinipokea mlangoni kama mgeni. 'Keti mama, nikuletee maji.' Nyumbani kwangu mwenyewe!"

Pranom alimgeukia. "Unaniambia leo? Saa hii?"

"Nilikusudia kukwambia jioni. Lakini nakuona unavyoutesa huo mkono, najua unawaza ukikosa umeniharibia na mimi maisha. Hujaniharibia kitu. Usinibebe, Pranom. Mbebaji hapa ni mimi."

Hasira ilimpanda Pranom hadi masikio yakamwaka. Miaka kumi na minne, na anaachwa kibandani kama mwavuli mbovu! Walikaa hivyo, bega kwa bega, saa nzima na dakika kumi, mpaka mvua ikakatika na king'ora kikalia tena kuwaita.

Wafanyakazi walikuwa wamekwisha kuyasukuma maji pembeni. Pranom akaurudisha mpira mahali pake, akaondoa sarafu. Lamduan, kwa mazoea, akachutama nyuma yake kuusoma mteremko.

"Lenga ndani kidogo ya ukingo wa kushoto."

"Toka hapo. Nitausoma mwenyewe."

Lamduan akatoka.

Pranom akabadilisha mikono: wa kushoto chini, wa kulia juu, jambo alilokuwa amelijaribu kwenye zulia la hoteli tu. Kanyarat alifumba macho. Mkono wa kulia ukashtuka, lakini safari hii wa kushoto ndio ulioshika usukani. Akapiga, kwa nguvu kuliko ilivyotakiwa.

Mpira ukagonga ukingo wa kulia, ukazunguka nyuma ya shimo, ukasita mdomoni. Ukadumbukia.

Pranom akaketi palepale kwenye majani yaliyolowa. Lamduan akaja akichechemea.

"Umeusoma vibaya," alisema, machozi yakimtiririka. "Ilikuwa kushoto."

"Umeingia."

"Umeingia, mjinga wewe. Umeingia!"

Wakakumbatiana kwa nguvu hata mwamuzi akalazimika kukohoa, kwani karatasi ya matokeo ilikuwa inangoja sahihi.

Msimu ulipoanza mwezi wa pili, mkoba ulibebwa na kijana mmoja wa Rayong, mkimya kupita kiasi. Mashindano ya kwanza mkono ulishtuka mara tatu, Pranom akawa wa thelathini na moja. Ya pili akawa wa tisa. Huko Surin, Lamduan alikuwa mbele ya televisheni na binti yake, akiifokea, "Kushoto! Kushoto kidogo!" hadi jirani akaja kuuliza ni nani anayepigwa.