Mlaji wa Sahani ya Mgeni

Blogu ya kwanza ya Dafroza Magesa iliitwa Njia ya Mafanikio, na maisha yake yote ilipata msomaji mmoja tu wa kudumu, binamu yake Evance wa Bunda. Naye baadaye alikiri kwamba alikuwa anaifungua ili Dafroza asinune, kusoma hakuwahi.

Dafroza alikuwa ameajiriwa kwenye duka la steshenari pale Nyakato, Musoma, akichapa kadi za harusi, za send-off na za kipaimara. Wateja wakipungua, alikaa kwenye kompyuta ya duka akaandika makala. Aliandika juu ya umuhimu wa kuwa na malengo. Aliandika juu ya faida za kuamka alfajiri, ingawa yeye mwenyewe aliamshwa kila siku na mama yake kwa kugongewa mlango kwa mwiko. Alikuwa amesikia kwamba kuna watu wanaishi kwa blogu, na hakuelewa kwa nini ya kwake imekaa kimya kama ofisi ya kijiji siku ya mnada.

Aliyemwambia ukweli ni Miriamu, msusi wa chumba cha jirani. Siku moja alisoma makala amesimama mlangoni, kitana kimechomekwa kwenye nywele zake.

"Dafu, hii umeandika wewe?"

"Mimi. Ikoje?"

"Kama barua ya kuomba kazi. Ukiniambiaga habari za harusi za watu mimi nacheka mpaka nakosea msuko wa mteja. Sasa mbona hayo ndiyo huandiki?"

Na harusi Dafroza alizijua. Wateja wengine walimwachia kadi kwa shukrani. Wasiomwachia, mashine ilikosea kidogo ikatoa kadi moja ya ziada, na mashine ile ilikuwa na tabia ya kukosea karibu kila wiki. Kwa hiyo Jumamosi zilimkuta Bunda, Butiama au hapo hapo Musoma, amekaa nyuma kabisa, anatazama.

Basi akaifuta Njia ya Mafanikio, akafungua blogu mpya akaiita Sahani ya Mgeni. Jina lake hakuliweka. Makala ya kwanza ilihusu harusi moja ya Kabasa, mjini Bunda, ambapo nyama ilikwisha kabla upande wa bwana harusi haujapakuliwa, na mshereheshaji akawainua watu wacheze ili wasahau njaa. Shangazi wa bwana harusi alikataa kucheza. Alifuata harufu, akainua kitambaa cha meza ya keki, akakuta sufuria zima la nyama limekaa limefunikwa. Kichwa cha makala kilikuwa "Sufuria Lililojificha Chini ya Keki."

Ilipofika jioni, makala ilikuwa imezunguka magrupu yote ya WhatsApp ya Bunda. Mama yake Dafroza mwenyewe alitumiwa na watu wa kwaya, akamsomea binti yake kwa sauti, akisema, "Huyu mtu ana mdomo! Sijui kalelewa na nani."

Dafroza aliinama akafunga kamba za viatu, ambavyo havikuwa na kamba.

Kuanzia hapo alijifunza kazi kwa kuifanya. Aliona kwamba akiandika Jumatatu asubuhi watu wanasoma, kwa sababu harusi bado iko tumboni. Aliona kwamba makala fupi inasomwa yote na ndefu inasifiwa tu. Alipiga picha ya sahani, hakupiga sura ya mtu. Kila aliyeacha maoni alijibiwa, hata waliotukana. Na alijiwekea masharti: hamtaji mwenye sherehe, hamcheki bibi harusi, hasifu chakula ambacho hakukionja. Wasomaji wakaongezeka mpaka kamati za harusi zikaanza kuulizana kwenye vikao, "Je, Sahani ya Mgeni akija?"

Watu wakataka kumjua mwandishi, na kwa kuwa hawakumjua, wakachagua wa kwao.

Walimchagua Makoye. Makoye alikuwa wakala wa pamba wa Bunda, mtu mzima mwenye tumbo lililoingia ukumbini kabla yake. Alialikwa kila mahali maana kila mkulima alimjua. Tena muda wote wa sherehe alikuwa ameinamia simu, akitabasamu, akisonya, akiandika. Ukweli ni kwamba alikuwa anafuatilia mpira na kubishana na watani wake. Lakini watu walijumlisha tumbo, simu na tabasamu, wakapata mwandishi.

Dafroza aligundua jambo hilo kwenye harusi moja Bunda. Alikuwa nyuma ya nguzo ya turubai, mbele yake wali na mchuzi uliopita karibu na nyama bila kuigusa. Akamwona Makoye anashikwa mkono na wenyeji wawili, anapelekwa meza ya mbele, anawekewa sato mzima aliyezidi sahani pande zote.

"Mama, yule mzee ni nani?" alimuuliza jirani yake.

"Humjui? Ndiye mwandishi wa Sahani ya Mgeni. Shusha sauti, atakuandika!"

Wali ulimpalia. Jirani alimpiga mgongoni mpaka ukashuka.

Kesho yake alimweleza Miriamu huku moyo unamwaka. "Mimi nakula mchuzi mtupu, yeye anakula sato kwa jasho langu! Nitangaze ukweli?"

"Una wazimu? Ukijulikana nani atakualika tena? Mtu kajitolea kuwa ngao yako bure, wewe unamvua!"

Dafroza alifikiri, na ule moto ukageuka kicheko. Jumatatu aliandika: "Nilikalishwa meza ya mbele. Sato niliyepewa alikuwa mkubwa, mkia wake ulikuwa unamsalimia mchungaji." Bunda nzima ikapiga makofi. Si tulisema? Ni yeye!

Kila wiki akamwongezea chumvi. Makoye akibadilisha shati, blogu inataja joto la shati jipya. Mwenyewe alisoma akashangaa, akajitazama, akaanza kuzoea. Alipoulizwa, alipangusa midomo akasema, "Mimi siwezi kusema lolote." Na kweli hakuwa na la kusema.

Mchezo uliharibika kwenye send-off ya binti wa Mama Nyamburi, mjane mmoja wa Bunda aliyejikaza kufanya shughuli yake bila kamati kubwa. Dafroza alikuwepo, akaandika kama alivyoona: maua mazuri, vigelegele vya kutosha, pilau lilizidi chumvi. Saa hiyo hiyo yakatua maoni ya Mama Nyamburi mwenyewe: "Nilimpa Makoye paja zima la mbuzi, akaniapia kwamba nitasifiwa. Leo ananianika. Mungu anamwona."

Maoni mengine yakafuata kama mvua. Kwa hiyo sifa zinauzwa! Na mimi alichukua jogoo! Wengine walisema hawatasoma tena, na kweli Jumatatu iliyofuata wasomaji walipungua hata Evance akapiga simu kuuliza kama mtandao una tatizo.

Dafroza hakucheka tena. Alimwonea uchungu Mama Nyamburi, na alijua nani aliyemvika Makoye ile kofia. Akaamua kumaliza habari hiyo, ila hakujua kwa njia gani, mpaka alipokwenda Butiama.

Huko Mzee Machage, mwalimu mstaafu, alikuwa anamwoza binti yake Robi. Sherehe ilikuwa ya mchana, uwanjani kwake, na Makoye alikuwa meza ya mbele kama kawaida. Watu wakiwa wanaanza kula, mshereheshaji Makongoro akashika kipaza sauti.

"Vijana wengi hapa wana simu, kazi hawana. Leo Mungu katuletea mwandishi mwenyewe. Mzee Makoye, simama utufundishe. Mtu anayeanza, afanyeje blogu yake ikasomwa?"

Makoye aliacha mfupa polepole. Makofi yalimwinua, si miguu.

"Ndugu zangu," alianza. "Blogu... blogu ni kama pamba."

Watu wakapiga makofi.

"Unapanda. Unapalilia. Usipopalilia, magugu."

"Na mbegu zake zinapatikanaga wapi?" akauliza msichana mmoja kwa unyenyekevu kabisa.

"Ushirika," alisema Makoye. "Kila kitu kipo ushirika."

Watu wakaanza kutazamana. Makongoro akaona ajira yake inayumba. "Basi mzee, tufanye kwa vitendo. Tuandikie neno moja hapa hapa, tulione kwenye simu zetu."

Makoye alitoa simu akaibonyeza huku na huku kama anayekagua parachichi. Jasho likamtoka mpaka kwenye kola. Nyuma kabisa, Dafroza aliweka simu mapajani, chini ya meza, akaandika haraka:

"Nipo Butiama. Ndizi zimeiva, mbuzi kachomwa na mtu anayejua. Huyu mliyemsimamisha ni mlaji mwenzangu, lakini hajawahi kuniandikia hata nukta. Mama wa Bunda, paja lako sikulila. Pilau lilikuwa na chumvi kweli."

Simu zikaanza kulia meza hadi meza. Watu wakainama, wakasoma. Kicheko kilianzia upande wa wapishi kikafika kwa maharusi; Robi alijifunika shela usoni, mabega yanatikisika. Makongoro, kwa kuzoea kusoma kila karatasi anayopewa, alisoma yote kwenye kipaza sauti kabla hajafikiri.

Halafu ikaja hofu. Kama si Makoye, ni nani? Yuko humu humu! Kila aliyeshika simu aliiweka mezani haraka, skrini chini. Wapakuaji wakakumbuka meza za nyuma. Mzee Machage mwenyewe alibeba sinia la nyama akapita nalo kwenye viti vya plastiki, akiwaita watu "wageni wetu wapendwa," hata wale ambao hakuwaalika.

Dafroza alikula mpaka akalegeza mkanda. Alipokwenda kunawa, alimkuta Makoye kando ya ndoo.

"Binti."

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Watu wote pale waliinamia simu zao. Wewe peke yako ulikuwa unatafuna mfupa unanitazama. Mtu asiyetaka kusoma jambo kama lile, basi analijua tayari."

Dafroza alijimwagia maji kwenye kiatu.

"Umeniaibisha," alisema Makoye.

"Na wewe umenichafulia jina, mzee."

"Jina gani? Hata jina huna!"

Wakajikuta wote wanazuia kicheko. Kisha Dafroza akamuuliza kwa nini hakukana toka mwanzo.

"Nilikana, mwanangu. Nilimkatalia mtu wa kwanza pale stendi ya Bunda, akaniongezea soda. Nikakana tena, akasema, ona anavyojificha." Makoye alipangusa mikono kwenye suruali. "Mama watoto alishafariki, watoto wako mbali. Mimi nakaribishwagwa msimu wa pamba. Ukiisha, nawekwa nyuma ya nguzo. Sasa ghafla watu wanakuvutia kiti. Ungekataa?"

Dafroza, ambaye nguzo alizijua kwa majina, aliona kwamba naye asingekataa. Lakini hakumwachilia.

"Utampelekea Mama Nyamburi mbuzi."

"Mbuzi mzima? Mimi nilikula paja!"

"Mbuzi wa paja moja anauzwa wapi, mzee?"

Makoye alicheka mpaka akashika ndoo. Wiki hiyo mbuzi alifika kwa mjane, anavutwa na Makoye mwenyewe, umbea ukimfuata nyuma mtaa mzima. Mama Nyamburi alimsema kwanza, akamsema vya kutosha, ndipo akampa kiti. Baadaye alimwita achinje, na pilau la siku hiyo halikuzidi chumvi.

Makoye akaomba naye aandike. Alileta steshenari makala yake, haina nukta wala herufi kubwa, inaitwa "Nilivyokula kwa Jina la Mtu." Dafroza aliinyoosha, akaiweka Jumatatu asubuhi chini ya jina la Makoye. Mzee alieleza humo jinsi ladha ya sato inavyokuwa kwa mtu anayejua kwamba hakustahili kuletewa, na jinsi alivyoendelea kumla.

Ilisomwa kuliko makala zote alizowahi kuandika Dafroza. Ilifika Tarime, ikafika Mwanza. Msomaji mmoja akaandika: "Huyu mzee aendelee. Yule mwingine anaweza kupumzika."

Dafroza alinuna mpaka mchana, na Miriamu alipokuja kumpongeza alimfungia mlango. Alasiri akampigia Makoye simu, akamuuliza Jumamosi wanakula kwa nani.