Tandiko Lililoanikwa Juani

Wiki tatu baada ya kustaafu, Posta alikuwa ameshamaliza kazi zote za nyumbani zilizomsubiri kwa miaka. Bawaba za milango hazikulia tena, bomba la jikoni halikudondosha, na vitabu vya sebuleni vilikuwa vimesimama kwa kimo kama askari wa gwaride. Asubuhi ya Jumatatu alivaa shati lake la kazini, akachana nywele chache alizobaki nazo, halafu akasimama katikati ya sebule kama mgeni aliyekosea nyumba.

"Njoo huku basi," mkewe akamwita kutoka karakana. "Utaichosha sakafu bure."

Karakana ilikuwa chumba cha nyuma chenye dirisha pana na meza moja nzito. Hapo mkewe alikuwa akikarabati vifaa vya ngozi, hasa matandiko ya farasi, kazi aliyofundishwa na baba yake tangu hajaota meno yote ya utu uzima. Mtaa mzima ulimwita Fundi, na mumewe ukamwita Posta, kwa kuwa kwa miaka thelathini na moja alikuwa akipanga barua. Angeshika barua gizani akakwambia ina karatasi ngapi ndani.

Siku ya kwanza Posta alikaa kwenye kigoda akitazama. Siku ya pili hakuweza kuvumilia. Fundi alipokwenda sokoni, alipanga vifaa vyote vya karakana kwa alfabeti na kuvibandikia vijikaratasi.

"Nani kachukua uma wangu wa kutobolea?" Fundi akauliza aliporudi, akipekua huku na huku.

"Upo kwenye U."

"Kwenye nini?"

"Herufi U. Baada ya shazia, kabla ya wembe."

Fundi alimtazama kwa muda mrefu. Akashusha pumzi, akaenda kwenye U, akachukua uma wake, akakaa kushona. Lakini Posta aliona mabega yake yakitikisika, akajua anacheka kimyakimya, naye akajisikia vizuri kidogo.

Alhamisi ikaja gari ndogo ya mizigo na ndani yake Mwalimu, mwanamke mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya uwanja, anayefundisha watu kupanda farasi nje kidogo ya mji. Yeye na Fundi walikuwa wameitana dada kwa miaka mingi mpaka watu wakaamini.

"Dada, nimekuletea wagonjwa," alisema akiteremsha matandiko manne. "Paa la stoo lilivuja tulipofunga likizo, hakuna aliyejua. Na wewe shemeji, umestaafu kweli au wamekufukuza wakaona haya kusema?"

"Nimestaafu, shemeji. Wao ndio wamebaki hawajui barua ziende wapi."

Matandiko yalinuka kama kabati la nguo lililosahauliwa. Ukungu wa kijani ulikuwa umeyafunika kama blanketi, na mikanda mingine ilikuwa imeachia nyuzi. Mwalimu alishika moja lililo pana kuliko mengine.

"Haya mengine fanya utakavyo. Ila hili niangalizie kama mboni ya jicho. Ni la Meza."

Meza alikuwa farasi mzee mwenye mgongo mpana, aliyepewa jina hilo kwa sababu, alivyosema Mwalimu, ungeweza kuwaandalia watu wanne chakula juu yake. Wote waliojifunza kupanda pale walianzia kwake. Hakuwa na haraka na mtu, wala hakumwangusha mtu.

Mwalimu alipoondoka, Fundi aliliweka tandiko pana mapajani, akalibana mbele na nyuma kwa mikono miwili, akainamisha sikio. "Kiunzi cha mbao ndani yake kingekuwa kimevunjika ungekisikia kikilia. Sikiliza." Posta akasikiliza. Hakikulia. "Basi mzima huyu. Kilichobaki ni ngozi na uvumilivu."

Akamwonyesha namna ya kufuta ukungu kwa kitambaa kikavu, tena nje ya nyumba usije ukahamia kwenye mengine, kisha kupitisha kitambaa chenye sabuni kidogo, kisha kingine chenye maji safi. "Ukishamaliza, liweke kivulini penye upepo, likauke taratibu. Mimi nakwenda kuchagua ngozi, nitachelewa."

Posta alifanya kazi ile kwa moyo wake wote. Alisugua kila mshono, kila tundu la mkanda. Saa tisa alasiri matandiko yote manne yalikuwa safi na yamelowa. Akayatazama yakiwa kivulini, akatazama jua lililojaa uwanja mzima, akafikiri: kivuli kitachukua siku tatu, jua litachukua saa mbili. Mke wangu atarudi amechoka akute la muhimu limeshakauka. Akalibeba tandiko la Meza kama mtu abebaye mtoto aliyelala, akaliweka juu ya ukuta, akaenda kusikiliza redio.

Fundi aliporudi alikuta bawa la kulia la tandiko, ile ngozi kubwa inayoning'inia ubavuni mwa farasi, limejikunja kama sikio la mbwa. La kushoto lilikuwa gumu kama ubao.

Hakupiga kelele. Posta angependa apige.

"Nilisema liwekwe wapi?"

"Kivulini."

"Na hapa ni wapi?"

"Ukutani," alisema Posta, kisha akaongeza kwa sauti ndogo, "juani."

Fundi akaliingiza ndani. Wakati wa chakula walisikia vijiko tu.

"Umekasirika," alisema Posta.

"Sijakasirika."

"Umekasirika, mke wangu."

"Nimekasirika, ndiyo. Lakini nitamaliza. Niache nimalize."

Kesho yake asubuhi alilifunika tandiko kwa vitambaa vyenye unyevu, akavibadilisha kila vilipoanza kukauka. Ngozi ilipoanza kulegea, aliyalaza mabawa juu ya ubao, akayawekea uzito wa pasi mbili za zamani, akaanza kupaka mafuta upande wa ndani, kidogo sana, kama mtu anayemrai mtoto anywe dawa. Siku tatu zilipita hivyo. Posta alikuwa akimletea vitambaa na kuondoka kwa ncha za vidole. Bawa la kushoto likarudi. La kulia, Fundi alipolikunja taratibu, likalia kama biskuti na kufunguka ufa kutoka ukingo hadi katikati.

"Hili limekwenda," alisema. "Itabidi nikate jipya. Tutamwambia Mwalimu bawa lilikuwa limekwisha. Si uongo sana, lilikuwa limechoka."

Posta alikusanya vitambaa vilivyolowa. Lakini usiku hakupata usingizi mzuri, na asubuhi, Fundi alipokuwa akioga, alivaa viatu na kwenda kwa miguu hadi kwenye uwanja wa farasi. Kazini kwao, barua ikichanika mikononi mwao, waliandika juu yake kwamba imechanikia hapo, wakatia saini. Alikuwa ametia saini kama hizo mara tisa katika maisha yake na alizikumbuka zote.

Alimkuta Mwalimu akimsugua farasi kwa brashi. Akasema yote kwa pumzi moja: sabuni, ukuta, jua, ufa. "Fundi hakukosea chochote. Aliniambia kivulini. Ni mimi."

Mwalimu aliacha kusugua. Akatia brashi mfukoni. Akasema, "Huyu ndiye Meza. Njoo hapa. Weka mkono wako."

Posta hakuwahi kumgusa farasi. Alipeleka mkono kama mtu anayepima joto la chungu. Mgongo ulikuwa wa moto na mpana kweli, na karibu na bega aliona kiraka cha nywele nyeupe katikati ya rangi ya kahawia.

"Hapo aliumizwa na tandiko la mtu mwingine kabla hajaja kwangu," alisema Mwalimu. "Matandiko membamba yanambana. Lile ndilo pekee linalomkaa, na hata lenyewe mwaka huu naona analikunjia masikio. Nikilileta anageuza shingo kunitazama, kama kunisuta. Kuna kitu ndani kimeganda, hapo hapo karibu na bega. Sasa, shemeji, umeniudhi, sitakuficha. Lakini umekuja na miguu yako kuniambia, na hilo nalo nimeliona. Mwambie dada atengeneze bawa jipya. Na huko ndani apaangalie vizuri. Na wewe usikae tu unamtazama."

Fundi alipoambiwa, alitupa kitambaa mezani. "Umekwenda kunisemea kwa mteja wangu?"

"Nimekwenda kujisemea mimi."

Fundi akakichukua tena kitambaa, akakikunja. Halafu akavuta tandiko, akaligeuza tumbo juu. "Kasema linambana wapi?"

"Karibu na bega. Hapa." Posta akaonyesha, maana mkono wake ulikuwa bado unakumbuka.

Chini ya tandiko kulikuwa na mito miwili mirefu ya ngozi iliyojazwa sufu, inayolala pande mbili za uti wa mgongo wa farasi. Fundi alifumua mshono, akavuta sufu nje. Ilitoka mabonge mabonge, mengine magumu kama kokoto. Jasho la miaka na maji ya paa vilikuwa vimeikandamiza.

"Ndiyo maana," alisema. "Hii tunaitupa. Mpya ninayo, ila inatakiwa kuchambuliwa kwa vidole, unyuzi kwa unyuzi, isibaki hata punje. Na vidole vyangu siku hizi..." Akavikunja na kuvikunjua. Posta alijua vinamuuma asubuhi, ingawa hakuwahi kulalamika.

"Nipe," alisema.

"Utachoka baada ya saa moja."

"Nipe, mama."

Alikaa kwenye kigoda karibu na dirisha na gunia la sufu miguuni. Mwanzo alifanya kwa macho, ikawa kazi ya kuumiza kichwa. Kisha akafumba macho, na vidole vikaanza kazi vyenyewe. Hapa pana uzito, hapa pepesi, hapa kijiti kimejificha, hapa bonge dogo kama ncha ya penseli. Alichambua siku hiyo nzima na siku nne zaidi. Sufu iliyochambuliwa ikaumuka pembeni yake mpaka ikawa kama wingu lililoingia ndani kupumzika. Fundi alikata bawa jipya, akatoboa kwa uma, akashona kwa shazia mbili, sindano nene za ngozi, zikipishana kwenye tundu moja, na Posta alipopumzisha vidole alimpakia nyuzi nta. Walizungumza habari za kila aina: binti yao aliyekuwa akitarajia mtoto wa pili, jirani aliyenunua jogoo asiyejua saa. Kuna wakati hawakuzungumza kabisa, na kimya hicho hakikuwa kama kile cha vijiko.

Binti alipopiga simu kuuliza hali, Posta alimsikia mkewe akijibu, "Baba yako hajambo. Hana nafasi ya kuja kwenye simu, yuko kazini." Alilirudia neno lile kichwani mara kadhaa.

Walipomaliza kujaza mito, Fundi alipitisha viganja juu yake polepole, kwenda na kurudi, akitafuta kosa. Alirudia mara tatu. "Haya," alisema mwishoni. Kwa Fundi hiyo ilikuwa hotuba.

Jumamosi Mwalimu aliwafuata na gari. Meza alikuwa amesimama nje ya banda. Alipoona tandiko likija, alilaza masikio nyuma. Posta akarudi hatua moja nyuma. Mwalimu aliliweka taratibu, akafunga mshipi chini ya tumbo la farasi, akapenyeza mkono kati ya mto na mgongo kutoka mbele hadi nyuma. Masikio ya Meza yakainuka, moja kwanza, halafu la pili. Akashusha kichwa na kupumua kwa kishindo, mate yakamrukia Posta shatini.

"Halimbani popote," alisema Mwalimu. "Dada, hakuna panapombana! Nani kajaza hii?"

Fundi alimwonyesha mumewe kwa kidevu.

"Na bawa hili mbona jeupe kuliko mwenzake?"

"Litashika rangi kwa jasho na mafuta. Lipe mwaka."

"Sawa. Haya, panda tulione na mtu juu."

"Nani?"

"Wewe, dada."

Hapo ndipo Posta alipojua jambo ambalo hakuwahi kuuliza katika ndoa yao yote. Mkewe, aliyeshona matandiko tangu utotoni, hakuwahi kukaa juu ya farasi hata siku moja. "Baba alikuwa akisema aliye juu haoni mishono," Fundi alijitetea. "Na sasa nina magoti haya." Lakini macho yake yalikuwa kwenye tandiko.

Walileta kisanduku cha kupandia. Mwalimu alishika hatamu, Posta akasukuma kutoka chini, Fundi akasema, "Usinisukume kama kabati," na baada ya majaribio mawili na kicheko kimoja kilichowamaliza nguvu wote watatu, akawa amekaa. Meza hakutikisika. Kisha akaanza kutembea, hatua moja, hatua nyingine, akizunguka uwanja na Mwalimu pembeni yake.

Posta alibaki kwenye uzio. Alimtazama mkewe akishika manyoya ya shingo ya farasi kwa mikono miwili, kisha kwa mmoja, kisha akinyoosha mgongo. Alipopita mbele yake mara ya kwanza alikuwa ameuma midomo. Mara ya pili alikuwa akicheka peke yake, kicheko cha msichana, kile alichokuwa nacho walipokuwa wakikutana nje ya ofisi za posta wakati wa chakula cha mchana.

"Imetosha, dada?" Mwalimu aliuliza.

"Bado. Moja zaidi."

Ilikuwa tatu zaidi. Aliposhuka, miguu ilikuwa inamtetemeka na alitembea kama bata.

"Zamu yako, shemeji."

"Mimi niko sawa nilipo," alisema Posta, akifuta mate ya farasi shatini. "Mtu mmoja wa kubebwa anatosha nyumba moja."

Walirudi nyumbani polepole kwa miguu, kwa sababu Fundi alisema akikaa tena leo hatainuka. Njiani alimweleza mambo ya matandiko matatu yaliyobaki: moja mikanda mipya, moja mishono tu, na la mwisho sufu yote, mbele na nyuma.

"Jumatatu nitaanza saa mbili," alisema Posta.

"Saa moja," alisema Fundi, akamshika mkono wapande ngazi za mlangoni.